Upinde na Mti Uliopinda: Ufundi wa Mchonga Pinde na Msamiati wa Kombo katika Kiswahili

Kiswahili kina majina mawili ya silaha moja: uta na upinde. Jina la kwanza ni la kale. Wanaisimu linganishi wameliingiza katika orodha ya mashina ya Kibantu ya zamani kwa umbo linalokadiriwa kuwa *buta, na ndugu zake wako wazi: Kigikuyu na Kikamba husema ũta, Kichewa na Kishona husema uta. Katika Kiswahili cha leo jina hili limebaki zaidi katika ushairi na katika lahaja za kaskazini, na wingi wake wa kale, mata, huwatatiza wanafunzi wanapokutana nao kwa mara ya kwanza. Jina la pili, upinde, ndilo linalosikika mitaani na shuleni, nalo limetokana na kitenzi pinda.

Mnyambuliko wenyewe unastahili kutazamwa kwa makini. Kiambishi tamati -e katika nomino zitokanazo na vitenzi aghalabu hudokeza aliyetendwa au kilichotendwa: mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, na mshinde, licha ya kusikika kana kwamba ni shujaa, ni aliyeshindwa. Kwa mantiki hiyo hiyo upinde ni kilichopindwa. Kinyarwanda nacho kimepita njia kama hiyo: umuheto, yaani upinde, unahusiana na kitenzi guheta, ambacho maana yake ni kupinda. Hivyo ndani ya jina la kawaida kabisa la silaha hii mna dai kuhusu namna inavyotengenezwa, kwamba kulikuwa na mti ulionyooka, na kwamba mtu aliupinda.

Dai hilo halilingani na hali ilivyo porini. Mti ulionyooka, usio na fundo wala kombo, wenye urefu wa kimo cha mtu, ni nadra katika vichaka vya nyika ya Afrika ya Mashariki. Mkole, kwa mfano, mti wa jenasi ya Grewia unaotumika sana kwa fimbo, mishale na pinde, huota kama kichaka chenye vijiti vingi vinavyoshindania mwanga, na kila kijiti hupinda kufuata nafasi kilichoipata. Mchonga pinde hupokea mti uliokwisha kupinda kabla yeye hajaugusa. Swali linalojitokeza ni la ufundi na la lugha kwa wakati mmoja: kilichopinda chenyewe hufanywaje kilichopindwa?

Msemaji wa Kiswahili anayo maumbo matatu ya kulijibu swali hili, ingawa huyatumia bila kuyafikiria. Mti umepinda: hali imo katika mti wenyewe, hapana mtenda. Mti umepindwa: yuko mtu aliyeutenda. Mti umepindika: umekubali, umetii nguvu, na huenda ukarudi ulivyokuwa. Sarufi za shuleni huyaeleza maumbo haya chini ya vichwa vya kutenda, kutendwa na kutendeka, kisha hupita. Kwa mchonga pinde tofauti kati ya umepinda na umepindika ndiyo kazi yenyewe, na anayezichanganya huvunja mti wake.

Mgongo na tumbo

Ili hoja hii ieleweke, hapana budi kueleza kwa ufupi kinachotokea ndani ya mti unapovutwa. Upinde una pande mbili. Upande unaotazama shabaha ni mgongo, na unaomtazama mpiga mshale ni tumbo. Uzi wa upinde, ambao jina lake ni upote, unapovutwa, nyuzi za mti zilizo mgongoni hunyooshwa kama kamba, na zile za tumboni hubanwa. Katikati ya unene uko mstari usionyooshwa wala kubanwa.

Nyuzi za mgongoni ndizo zinazoamua uhai wa upinde. Maadamu zimekwenda moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha bila kukatwa, zinastahimili. Zikikatwa mshazari, yaani chombo kikipita kwa namna ambayo nyuzi zinatokeza nje na kuishia ubavuni, basi hapo ndipo kibanzi kitakaponyanyuka, na kibanzi kikishanyanyuka upinde umekwisha. Ndiyo maana fundi anayetumia gogo kubwa hupendelea kulipasua kwa kabari kuliko kulikata kwa msumeno. Msumeno hufuata mkono wa mtu, ilhali kabari hufuata nyuzi. Mpasuko wa kabari ukitoka na mawimbi, basi mti ulikuwa na mawimbi tangu ulipokuwa umesimama, na ubao ulionyooshwa kwa msumeno kutoka katika gogo hilo hilo ungeyaficha mawimbi hayo kwa kuyakata.

Jambo la pili ni la hesabu. Ukakamavu wa mti unaopindwa hubadilika kulingana na upana wake kwa uwiano wa moja kwa moja, lakini hubadilika kulingana na unene wake kwa kipeo cha tatu. Upana ukiongezwa mara mbili, ukakamavu huongezeka mara mbili. Unene ukiongezwa mara mbili, ukakamavu huongezeka mara nane. Hata nyongeza ndogo ya sehemu moja katika kumi ya unene huongeza ukakamavu kwa takriban theluthi moja. Kwa hiyo mchonga pinde hapunguzi tumbo kwa shoka wala tezo anapokaribia mwisho. Hupara kwa ncha ya kisu na hutazama kila baada ya mikwaruzo michache.

Kombo si moja

Hapa ndipo msamiati unapoanza kulipa. Katika mazungumzo ya kawaida mti usionyooka huitwa tu mti uliopinda, au huambiwa umekwenda kombo. Fundi hawezi kuridhika na jina moja, kwa sababu kila namna ya kutonyooka ina dawa yake, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Namna ya kwanza ni kigosho, yaani pindo la ubavuni, mti unapokata kulia au kushoto kama kiwiko. Kigosho hufuatwa. Fundi huchonga mbavu za upinde zikienda pamoja na nyuzi, hata kama upinde utaonekana kama njia ya mbuzi mlimani. Kinachotazamwa ni kama mstari unaotoka ncha moja hadi nyingine unapita katikati ya mahali pa kushikia. Ukipita, kigosho hakina madhara. Usipopita, huhitajika kurekebisha mahali pamoja tu, si mti mzima.

Inafaa kutaja hapa mzaha ambao lugha imejifanyia yenyewe. Kitenzi nyoka (au nyooka, kama wengi waandikavyo siku hizi) maana yake ni kutokuwa na kombo, na nyoka mnyama ni yule ambaye mwendo wake wote ni kombo. Wanaisimu watasema, na watakuwa na haki, kwamba haya ni maneno mawili yenye asili mbalimbali yaliyokutana kwa matamshi. Hata hivyo, mti uliopinda kama nyoka ni mti ambao haukunyoka, na sentensi hiyo haiwezi kutafsiriwa katika lugha nyingine yoyote bila kupoteza ladha yake.

Namna ya pili ni kubenuka na kubonyea: mgongo wa mti unapopanda na kushuka kama mawimbi. Mwanafunzi wa kazi hii hushawishika kuusawazisha mgongo kwa randa ili upendeze. Akifanya hivyo amezikata nyuzi juu ya kila wimbi. Fundi mzoefu hufanya kinyume: huuacha mgongo ulivyo, kisha huchonga tumbo lipande mgongo unapopanda na kushuka unaposhuka, ili unene ubaki sawa. Kipimo ni unene, wala si mstari.

Namna ya tatu ndiyo inayohofiwa zaidi, nayo ni kunyongeka. Baadhi ya miti hukua na nyuzi zinazozunguka shina kama kamba iliyosokotwa. Ufito unaotolewa humo huwa ncha yake moja imeelekea juu na nyingine imegeukia pembeni, mfano wa nguo inayokamuliwa. Kitenzi nyonga leo humpeleka msikilizaji kwenye kitanzi, au kwenye baiskeli, kwa kuwa anayeiendesha baiskeli huinyonga. Lakini maana ya kuzungusha pande mbili zisizokubaliana ndiyo hasa inayohitajika hapa. Mti ulionyongeka kidogo hutumika bila matata, kwa sharti kwamba upote ukae katikati. Ulionyongeka sana hunyongwa upya kwa upande wa pili baada ya kulainishwa kwa moto, na ulionyongeka kupita kiasi huachiwa mpishi.

Fundo, yaani mahali tawi lilipochomoza, ni jambo la nne, ingawa si kombo kwa maana halisi. Nyuzi hulizunguka fundo kama maji yanavyolizunguka jiwe mtoni. Fundi huziacha zizunguke, na huongeza nyama ya mti kandokando, ili fundo liwe kama kisiwa kilichoinuka. Utaratibu huu si wa bara moja. Meli ya kivita ya Kiingereza Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, ilikutwa na pinde ndefu zaidi ya 130 za mti wa Taxus baccata, na wachongaji wake walikuwa wameacha vinundu vya ziada penye mafundo na kuufuata mgongo wa mti ulivyokwenda. Hizo zilikuwa silaha za mfalme, zilizochongwa na mafundi waliolipwa kwa kazi hiyo, na hata hivyo hazikuwa zimenyooka.

Pwani ya Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake katika uundaji wa vyombo. Mataruma ya jahazi, ambayo ni mbavu zake, kwa desturi hutafutwa katika miti yenye kombo la asili, ili nyuzi zifuate umbo la tumbo la chombo. Taruma lililokatwa kwa msumeno kutoka ubao ulionyooka lingekuwa na nyuzi zilizokatika mshazari na lingepasuka baharini. Mwundaji wa jahazi huisaka kombo na mchonga pinde huivumilia, ilhali wote wawili hutii kanuni moja.

Moto, na samaki wa methali

Mti hulainika kwa joto kwa sababu kiambata kinachozigandisha nyuzi zake, ambacho wanasayansi hukiita ligini, hulegea kinapopata joto na unyevu, na hukaza tena kinapopoa. Mafundi wanaotumia mvuke hukadiria saa moja kwa kila inchi moja ya unene. Wasio na chombo cha mvuke hutumia makaa, na hupaka mti mafuta ili usiungue juu kabla haujalainika ndani. Kisha mti hupindwa kwa goti, au hubanwa kati ya mihimili miwili, na huachwa hivyo mpaka upoe kabisa.

Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ambao idadi yao ni kama watu 1,000 au zaidi kidogo, wanao ustadi huu hadi leo. Mawano ya mishale yao hupashwa moto na kunyooshwa kwa meno, mchongaji akitazama kwa jicho moja urefu wote wa kijiti, akiuma, akitazama tena. Pinde zao hutokana na mti mzima mwembamba, si ubao, upote wake ni wa kano za wanyama, na kuuvuta mmoja wake huhitaji nguvu inayoweza kufikia kilo 30 au zaidi. Lugha yao haina ndugu anayejulikana kwa yakini, lakini mazungumzo yao na majirani hufanyika sana kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba Kiswahili cha upinde kilikufa pamoja na tendi.

Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi ingeonekana kuwa ndiyo sheria ya kazi hii. Kwa hakika mchonga pinde huitii nusu na huikaidi nusu. Hutoa umbo la awali mti ukiwa mbichi, kwa sababu chombo hukata kwa urahisi. Lakini haujaribu kwa upote. Mti mbichi ukivutwa hupinda na kubaki umepinda. Nyuzi za tumboni zimebonyea na hazirudi. Upinde hutakiwa kurudi, kwa hiyo mti hukaushwa kwanza, polepole na kivulini, na ncha zake hupakwa mafuta au nta zisipasuke. Samaki na mtoto hukunjwa ili wabaki walivyokunjwa. Upinde hupindwa ili ukatae.

Jicho linavyodanganywa

Sehemu ngumu kuliko zote huja mwishoni, fundi anapotaka mikono miwili ya upinde, ya juu na ya chini, ipindike sawa. Kwa mti ulionyooka kazi ni nyepesi, kwa kuwa tao lolote linaloonekana limeletwa na upote. Kwa mti uliopinda wenyewe jicho hudanganywa. Mahali palipobonyea kwa asili huonekana kana kwamba panapindika kupita kiasi, na asiye na uzoefu hupaacha pakiwa panene. Mahali palipobenuka huonekana pakaidi, naye hupapara zaidi. Matokeo yake ni kwamba pagumu pamebaki pagumu na palegevu pamezidi kulegea, na siku moja upinde hukatika penye uvimbe ule ule uliodhaniwa kuwa mkaidi.

Dawa yake ni kuutazama upinde mara mbili, ukiwa umelala na ukiwa umevutwa, na kulinganisha. Kinachopimwa ni tofauti kati ya hali mbili. Kwa maneno ya kisarufi, fundi huondoa kwanza kile ambacho mti umepinda, ndipo akione kile ambacho mti umepindika. Lugha zinazotumia kitenzi kimoja kwa hali na kwa tukio humlazimu mwalimu aeleze kwa aya nzima. Kiswahili hukieleza kwa silabi mbili, mradi mwalimu na mwanafunzi wote wanazisikia.

Maneno yanakokwenda

Kusikia huko ndiko kunakopungua. Chukua potoka. Jamaa yake popotoa bado ni wa mwilini: mkono hupopotolewa, shingo ya kuku hupopotolewa. Potoka lenyewe limehamia karibu lote kwenye maadili, na upotovu leo ni wa vijana, wa viongozi au wa itikadi. Anayesema mti mpotovu huchekwa, kana kwamba mti umeacha kusali. Maana ya maadili ni halali na ina ufasaha wake. Kasoro iko pale inapoifunika ile ya mkononi hata fundi akose neno.

Kamusi za jumla hazisaidii sana, kwa kuwa ni desturi yake kuyafasili maneno haya kwa kurudishana: kombo ni hali ya kutonyooka, kigosho ni kupinda, kupinda ni kwenda kombo. Msomaji huzunguka na kurudi alikoanzia. Mtunga kamusi hastahili lawama kubwa. Alikuwa na maelfu ya maneno na muda mfupi, na katika ofisi ya chuo kikuu hapakuwa na mti wa kumwonyesha kwamba maneno hayo si visawe.

Iko sababu nyingine, nayo si ya kiisimu. Upinde umekuwa kielelezo cha mahakamani. Kwa Waata wa eneo la Tsavo, ambao majirani zao wamewaita Waliangulu, kuwinda ndovu kwa mshale wenye sumu ya msunguti kulikuwa kazi na heshima, na pinde zao zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuvutwa. Kampeni za miaka ya 1950 dhidi ya uwindaji katika hifadhi ziliwapeleka wengi wao jela, na mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, na idadi ya ndovu iliyobaki inazieleza. Lakini mtafiti anayekwenda leo na daftari kuuliza upinde unachongwaje anauliza, machoni mwa mzee anayeulizwa, jinsi kosa linavyotendwa. Mzee hujibu kwamba hajui, au hutaja maneno mawili matatu yaliyomo vitabuni. Maneno ya kazi hubaki kwake.

Liyongo hapati shida hiyo, kwa kuwa yumo katika fasihi. Kila mwanafunzi anajua kwamba baada ya kuchomwa kitovuni na mwanawe alikwenda kisimani akapiga goti na kuupinda uta wake, na watu wakaogopa kumkaribia hata alipokuwa amekwisha kufa. Maswali ya mitihani huulizwa kuhusu usaliti, kitovu na mama yake. Uta hupita bila kuulizwa ulikuwa wa mti gani, wala mgongo wake ulikuwa upande upi.

Njia moja ya kulivuka kimya cha mzee ni kuacha kuuliza habari za upinde na kumpelekea kijiti kilichopinda, kisha kingine kilichopinda kwa namna nyingine, na kuuliza tu kila kimoja kina nini. Fimbo ya kutembelea ina kigosho sawa na upinde, mpini wa jembe hunyongeka, mchi huwa na fundo, na hakuna askari wa wanyamapori anayeufuatilia mchi. Fasili zitakazopatikana kwa njia hiyo zinaweza kuandikwa hivi: kigosho, pindo la ubavuni la ufito au fimbo ambalo nyuzi za mti zinalifuata, benuka, kwa mgongo wa mti, kuinuka bila unene kuongezeka, nyongeka, kwa mti, kuwa na nyuzi zinazozunguka shina hata ncha moja ya ufito isielekee upande mmoja na ncha ya pili.